Mwaka wa Kwanza Isilandi: Dini, Majina, Mazishi na Mawe Yasiyoguswa

Mtu wa kwetu akifika Reykjavik haichukui muda kabla hajauliza: hawa watu dini yao ni ipi? Majibu hayapatani. Mfanyakazi mwenzake anamwambia haamini lolote, kisha mwezi wa nne anamwalika kwenye kipaimara cha binti yake. Jirani anatabasamu akiulizwa habari za watu wanaoishi ndani ya miamba, lakini kuna jiwe kwenye ua wake ambalo mashine ya kukata nyasi hailisogelei. Tuliotangulia kuishi huko tulipoteza muda mwingi tukitafuta nani anasema kweli, kumbe kosa lilikuwa kwenye swali letu wenyewe. Imani ya mtu huko ni jambo la ndani, haliwekwi mezani. Kinachoonekana ni desturi: nini hufanywa, siku gani, na nini hakiguswi. Anza na hayo, na utajiepusha na aibu nyingi.

Jambo hili lina mzizi wa miaka elfu. Bunge lao, Alþingi, lilianza mwaka 930 kwenye bonde la Þingvellir. Kufikia mwaka 999 au 1000, Wakristo na wafuasi wa miungu ya kale walikuwa karibu kupigana hapo hapo bungeni. Uamuzi akakabidhiwa Þorgeir, msema-sheria wa nchi, ambaye mwenyewe hakuwa Mkristo. Akajifunika joho mchana kutwa na usiku kucha, kisha akatoka na kutangaza kwamba nchi itakuwa na sheria moja na watu wote watabatizwa. Lakini akaacha mlango wazi: ulaji wa nyama ya farasi uendelee, na anayetaka kutambikia miungu yake kwa siri asiguswe, mradi pasiwe na mashahidi. Ruhusa hizo zilifutwa miaka michache baadaye, ila mwenendo ule wa sheria moja hadharani na kila mtu na lake nyumbani haujafutika mpaka leo. Masimulizi ya kale yanaeleza pia kwamba katikati ya mabishano hayo ilikuja habari ya mlipuko wa volkano, na watu wakasema miungu imekasirika. Snorri goði, mmoja wa wakuu waliokuwapo, akawauliza: basi miungu ilikasirikia nini wakati ulipoungua mwamba huu tunaosimama juu yake? Wahandisi wa jotoardhi kutoka Kenya, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakienda Reykjavik kwa mafunzo ya miezi sita yaliyoanza mwaka 1979, wanalielewa swali hilo haraka. Þingvellir ni bonde la ufa, kama walikotoka.

Shughuli ya kwanza itakayokukuta ni ya karatasi. Ukishapata kennitala, namba yako ya utambulisho, ofisi ya usajili wa watu, Þjóðskrá, inaweka kumbukumbu ya jumuiya yako ya dini au ya mtazamo wa maisha. Usipojaza chochote utaandikwa "ótilgreint", yaani haijatajwa. Hiyo si sawa na kuandikwa uko nje ya jumuiya zote. Wageni wengi huliruka sanduku hilo wakidhani ni takwimu tu. Si takwimu tu. Kwa kila mtu mwenye umri wa kuanzia miaka 16, serikali hutoa kiasi kinachoitwa sóknargjald, zaidi kidogo ya krona 1,000 kwa mwezi, na kuipa jumuiya aliyosajiliwa. Kama hukutaja jumuiya, au umejiandika uko nje, kodi yako haipungui hata krona moja. Fedha hubaki serikalini. Kwa hiyo anayesali kila Ijumaa msikitini, au kila Jumapili kwa Wakatoliki, huku jina lake limeandikwa "ótilgreint", anainyima jumuiya yake fedha ambayo isingemgharimu kitu. Usajili ni bure, hufanywa kwenye tovuti ya serikali, island.is, kwa kitambulisho cha kielektroniki, na hesabu ya mwaka unaofuata hutazama ulikosajiliwa tarehe 1 Desemba. Fanya kabla ya hapo.

Watoto ni habari nyingine. Wazazi wanaoishi pamoja wakiwa jumuiya moja, mtoto huandikwa humo anapozaliwa. Wakiwa tofauti, mtoto hubaki bila jumuiya hadi wazazi wote wawili wakubaliane. Akifikisha miaka 12 inapasa aulizwe, na akifika 16 anajiamulia. Ndoa za mchanganyiko zikae zizungumze mapema, maana hilo likiibuka siku ya ubatizo, ukweni wote wamekaa, halizungumziki tena kwa utulivu.

Mwaka 2015 lilichangamka kundi lililojitangaza kuwa la dini ya kale ya Wasumeri, likaahidi kuwarudishia wanachama sóknargjald yao mfukoni. Maelfu walijiunga, na mambo yakaishia mahakamani. Ukisikia mtu anaahidi kukurudishia fedha hizo, kaa mbali.

Jumuiya ni nyingi kuliko mgeni anavyotarajia. Kanisa la taifa ni la Kilutheri na limetajwa katika katiba. Miaka ya 1990 lilikuwa na karibu asilimia 90 ya wananchi, sasa ni chini ya 60. Mtu wa KKKT atakuta liturujia anayoifahamu kwa sura hata kama haelewi neno, na asishangae akikutana na mzee anayejua Kipokoti: wamisionari wa Isilandi walihudumu Pokot Magharibi nchini Kenya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakatoliki wana kanisa kuu la Landakot, na Wapoland na Wafilipino ndio wanaolijaza. Waislamu wana chama tangu 1997. Siðmennt, jumuiya ya wasiofuata dini, ilipata usajili sawa na wengine mwaka 2013. Na wapo Ásatrúarfélagið, wanaofuata miungu ya kale, walioanza siku ya kwanza ya kiangazi mwaka 1972 wakiongozwa na Sveinbjörn Beinteinsson, mkulima na mshairi. Ibada yao, blót, haichinji mnyama: humimina kinywaji, husoma mashairi ya kale, hula pamoja. Wageni huenda kutafuta maajabu na kutoka wamekula supu na watu wa kawaida kabisa, jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo la kujifunza pale.

Kisha giza linaingia. Saa yetu ya Kiswahili, inayohesabu kuanzia jua linapochomoza, huko haishiki. Tarehe 21 Desemba jua la Reykjavik huchomoza saa tano na dakika 22 asubuhi na kuzama saa tisa na nusu alasiri. Tarehe 21 Juni huzama saa sita usiku ikiwa imepita dakika chache na kurudi kabla ya saa tisa usiku. Adhuhuri yenyewe, kwa kuwa nchi inatumia saa ya Greenwich huku ipo mbali magharibi, hufika kama saa saba na nusu mchana. Kwa Mwislamu mwenye kazi ya zamu, maana yake ni kwamba Desemba adhuhuri, alasiri na magharibi zinabanana ndani ya saa mbili hivi, zote katikati ya kazi. Usijifiche bafuni kuswali. Mwambie msimamizi mwezi wa kumi, kabla hali haijabana, kwamba unahitaji dakika kumi mara mbili au tatu. Maombi ya wazi huko hukubaliwa kuliko kutoweka bila neno. Kibla ni karibu nyuzi 106 kutoka kaskazini, yaani mashariki ukiegemea kusini kidogo. Usitegemee dira ya sumaku peke yake, maana huko hupotoka na miamba ya volkano huichezea. Tumia ramani ya simu upate mstari, kisha uchague alama dirishani.

Kosa kubwa la Ramadhani ni kila mtu kufuata programu yake ya simu. Programu zinatofautiana kwa saa nzima au zaidi, hasa wakati ambao usiku hauingii kabisa na isha haipatikani kwa ishara za angani. Ramadhani zilipoangukia Juni miaka ya 2015 hadi 2018, kuna waliofunga kwa jua la Reykjavik, karibu saa 22, na waliofuata rai za wanazuoni wanaoruhusu kuhesabu kwa nchi yenye usiku wa wastani au kwa Makka. Nyumba moja ikawa na futari mbili, na maneno yakazaliwa. Chagua msikiti mmoja, chukua ratiba yake ya karatasi, ubandike jikoni, umalize ubishi. Kwa sasa hali ni nyepesi, maana Ramadhani inarudi nyuma kuelekea majira ya baridi. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba, na saumu itakuwa ya saa nane hivi.

Desemba ndiyo mwezi unaowagharimu wazazi. Usiku wa kuamkia tarehe 12 hushuka kutoka milimani wa kwanza kati ya jólasveinar 13, wana wa jitu la kike Grýla, na kila usiku huongezeka mmoja hadi mkesha wa Noeli. Mtoto huweka kiatu dirishani, na asubuhi hukuta kitu kidogo. Mtundu hukuta kiazi kilichooza. Mgeni asiyejua hukosea kwa njia mbili. Asipoweka kitu, mtoto huenda shule tarehe 12 akiwa peke yake asiye na la kusimulia, na machozi hayo yanauma nyumba nzima. Akiweka midoli ya bei siku ya kwanza, amejifunga kwa usiku 12 zilizobaki, na watoto wa darasa zima wanalinganisha. Chungwa dogo, penseli, soksi, kibandiko: hivyo vinatosha. Nunua vyote 13 mwezi wa kumi na moja, fungia kabatini, na uliza mwalimu kama wazazi wamekubaliana kiwango. Kwa Waislamu wanaosita, wapo wanaoweka kiatu kama mchezo wa majirani na wapo wanaomweleza mtoto mapema kwa nini nyumba yao haiweki. Njia zote mbili zimefanya kazi. Isiyofanya kazi ni kunyamaza.

Tarehe 23, siku ya mtakatifu Þorlákur, hupikwa skata, samaki aina ya taa aliyechachuliwa hadi harufu ya amonia inapanda puani na kutoa machozi. Ukialikwa, nenda na nguo za kufuliwa na acha koti la sufu nyumbani, maana harufu hukaa kwenye sufu kwa siku kadhaa. Ukitaka kumpika mwenyewe kwenye nyumba ya kupanga, omba ruhusa kwanza.

Tarehe 24 ni siku iliyowaliza wengi wetu. Mabasi husimama alasiri, maduka hufungwa, na saa kumi na mbili jioni kamili redio ya taifa hurusha kengele za kanisa. Hapo hapo Noeli imeingia na barabara inakuwa tupu kama kijiji kilichohama. Mgeni aliyezoea Krismasi ya kutembeleana, pilau ikienda nyumba hadi nyumba, hujikuta na friji tupu na simu isiyolia. Hakuna anayekuchukia, jioni ile ni ya walio ndani ya nyumba moja. Nunua chakula tarehe 22 na kusanya wenzako wa nyumbani mahali pamoja kabla mabasi hayajasimama.

Mkesha wa mwaka mpya hadi tarehe 6 Januari, Þrettándinn, ni majira ya huldufólk, watu waliofichika. Hadithi yao inasema Mungu alimtembelea Hawa, naye alikuwa hajamaliza kuwaogesha watoto wake. Akawaonyesha waliooga, akaficha wengine. Mungu akasema waliofichwa mbele yake watafichika mbele ya wanadamu. Ndio hao, wanaoishi kama watu, wana mifugo, makanisa na misiba, ila ndani ya miamba na vilima. Usiku wa mwaka mpya wanahama nyumba, na zamani mama mwenye nyumba alifagia, akawasha taa kila pembe, akaizunguka nyumba akisema: waje wanaotaka kuja, waende wanaotaka kwenda, bila kunidhuru mimi wala walio wangu. Anayetoka mahali ambapo hodi hupigwa hata kwenye nyumba tupu hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Siku hizi kilichobaki ni mioto mikubwa ya jamii mitaani, na nyimbo za álfar, jina jingine la watu hao, huimbwa tarehe 6. Fataki huuzwa kwa wingi na vikosi vya uokoaji vya kujitolea, na faida ndiyo huwalipia magari ya kuokoa watu milimani, kwa hiyo wengi hununua kama sadaka.

Miezi inayofuata ni ya kula. Þorri, mwezi wa kale unaoanza Ijumaa kati ya tarehe 19 na 26 Januari, una karamu za papa aliyechachuliwa na vichwa vya kondoo. Mwenye masharti ya chakula aulize kabla ya kulipia meza. Kwaresima huja na Jumatatu ya maandazi ya krimu, Jumanne ya nyama ya chumvi na njegere, na Jumatano ya majivu ambayo watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kuimba madukani wapewe pipi. Nunua vazi wiki mbili mapema. Kila jioni ya Kwaresima redio husoma wimbo mmoja kati ya 50 za mateso za mchungaji Hallgrímur Pétursson, zilizochapwa 1666. Ni Kiisilandi kigumu, lakini kuusikiliza taratibu ukiwa na maandishi mbele yako ni darasa la lugha linalozidi nyingi za kulipia.

Kipaimara, ferming, kiko majira ya kuchipua, kwa watoto wa miaka 13 au 14. Mafundisho huanza mapema majira ya kupukutika, na uandikishaji hufanyika wakati shule zinafunguliwa. Mzazi anayeanza kuulizia Januari amechelewa, na mtoto wake ataona darasa zima likijiandaa yeye akiwa pembeni. Siðmennt wamekuwa na kipaimara cha kiraia tangu 1989, nacho kina mafundisho yake ya maadili, kwa hiyo hata mtoto asiye Mlutheri ana mahali pa kusimama na rika lake. Gharama ni ukumbi, keki ya ngazi iitwayo kransakaka, nguo na mpiga picha, na usishindane na wenyeji wenye ukoo wa watu 80. Ukialikwa, zawadi ni bahasha. Krona 10,000 kutoka kwa mtu wa kazini ni heshima ya kutosha.

Jua likirudi, watu hutoka nje, na hapo ndipo penye mawe. Tafadhali soma sehemu hii hata kama hutasoma nyingine.

Kuna sehemu ziitwazo álagablettir, vipande vya ardhi vyenye mwiko: usikate nyasi hapa, usichimbe pale, usisogeze mwamba huu, la sivyo mifugo itakufa au mtu ataumia. Huo si utani wa watalii. Sheria ya urithi wa utamaduni, namba 80 ya mwaka 2012, huhesabu mahali palipofungamana na imani za jadi kuwa mabaki ya kale yanapotimiza miaka 100, na kuzunguka mabaki ya kale kuna mita 15 zisizoguswa bila ruhusa ya Minjastofnun, mamlaka ya urithi. Anayenunua kiwanja cha nyumba ya mapumziko akaleta katapila bila kuulizia uorodheshaji wa mabaki anaweza kusimamishwa kazi ikiwa katikati, huku mashine inalipiwa kwa saa. Omba ramani ya mabaki halmashauri kabla ya kusaini, kisha ongea na mkulima jirani, kwa sababu mwiko mwingine haumo kwenye ramani, umo kichwani mwa mtu wa miaka 80.

Mfano unaoonekana kwa macho uko Kópavogur, ambako barabara ya Álfhólsvegur inabanwa na kilima kidogo cha mawe kwa sababu kila walipotaka kukiondoa kazi ilikwama, na hadithi inasema mashine ziliharibika. Huko Siglufjörður maporomoko ya mwaka 2015 yalisafishwa, na udongo ukamwagwa juu ya jiwe la mwanamke wa álfar. Ikafuata mikosi mfululizo, mtu kuumia na mashine kuharibika, na mwaka 2016 mamlaka ya barabara ikalifukua jiwe na kulisafisha kwa mpira wa maji. Barabara ya Gálgahraun, karibu na Hafnarfjörður, ilileta maandamano mwaka 2013, na mwamba unaoitwa kanisa, Ófeigskirkja, wenye uzito wa tani 70 hivi, ukahamishwa kwa winchi mwaka 2015 badala ya kuvunjwa. Magazeti ya nje yaliandika kwamba álfar wamesimamisha barabara. Hiyo ni nusu ya habari. Waliokuwa mbele ya matingatinga walikuwa wapenda mazingira wanaoutetea mwamba wa lava, na álfar walikuwa lugha mojawapo ya kusema kwamba ardhi ina mwenyewe. Katika uchunguzi wa mwaka 2006 na 2007 watu wenye hakika kwamba huldufólk wapo walikuwa karibu asilimia 8 tu, lakini waliosema jambo hilo haliwezekani kabisa walikuwa kama 13. Walio wengi wapo katikati, na katikati hapo ndipo mtu anapoamua kulizunguka jiwe kwa kuwa kulizunguka hakumgharimu kitu.

Ukitembea, basi: usirushe mawe ovyo, usijenge vijimnara vya mawe kwa ajili ya picha, usitoe gari nje ya barabara, usikanyage zulia la mimea laini linaloota juu ya nyufa za lava. Zulia hilo hufunika mashimo marefu kuliko mtu, na mwiko uliowazuia watoto wasikimbilie huko umeokoa miguu mingi. Kazini, mtu akisema mitambo inakwenda vizuri kisha akagonga mbao chini ya meza na kutamka "sjö, níu, þrettán", saba, tisa, kumi na tatu, usimcheke. Gonga nawe.

Nadhiri pia zipo. Kanisa dogo la Strandarkirkja, huko Selvogur kwenye pwani ya kusini, linasemekana kujengwa na mabaharia waliokuwa wanazama wakaahidi kanisa mahali watakapofika salama. Mpaka leo watu huliwekea ahadi: nikipona, nikipata nilichopoteza, nitatuma kiasi fulani. Kwa nadhiri hizo ni miongoni mwa makanisa yenye fedha nyingi nchini, ingawa kijiji kilichokuwa kando yake karibu kimetoweka. Hapo hakuna anayekuuliza dini.

Majina na vifo havina msimu. Mtoto wa Kiisilandi hatajwi jina hadi ubatizo au siku ya kupewa jina, na kumwuliza mzazi kabla ya hapo kunamweka pabaya. Mjamzito akiota marehemu amemjia, husemwa marehemu "anatembelea jina", anataka mtoto aitwe kwa jina lake, na wapo wengi wasioamini lolote ambao hata hivyo hawakuthubutu kukataa. Bibi zetu wangewaelewa. Kisheria, jina lazima lisajiliwe ndani ya miezi sita. Wazazi wote wakiwa raia wa kigeni, sheria ya majina haiwabani. Mmoja akiwa raia wa Isilandi, mtoto anaweza kupewa jina moja linalotumika nchini kwa mzazi mgeni, ila lazima awe na angalau jina moja linalokubalika kwa Kiisilandi: liingie kwenye sarufi yao na kuandikwa kwa herufi zao, ambazo hazina C, Q, W wala Z. Wanjiku na Zawadi hupita kwa nafasi ile ya mzazi mgeni. Kosa la kawaida ni kuitumia nafasi hiyo kwa jina la pili la mapambo, kisha jina la bibi linakwama. Jina lisilo kwenye orodha rasmi hupelekwa kwa kamati ya majina kwa malipo, na jibu huchukua wiki kadhaa. Amueni kabla ya kujifungua.

Msiba ndio unaotuvunja moyo. Kwetu habari ikitoka, kufika jioni ua umejaa. Huko mlango unaweza kukaa kimya siku tatu. Wanasubiri mazishi, na kukuacha peke yako ndiyo heshima wanayoijua. Waambie waziwazi: njooni leo, tunahitaji watu. Watakuja. Mazishi kwa kawaida hufanyika wiki moja au mbili baadaye. Hutanguliwa na kistulagning, ibada fupi ya kufunga jeneza kwa walioalikwa tu, na baada ya mazishi watu hunywa kahawa pamoja kwa chapati za maji nyembamba na keki. Huendi na mchele wala daftari la michango. Ndugu na marafiki huandika kumbukumbu gazetini, nyingine zikimwambia marehemu maneno moja kwa moja. Andika hata mistari mitano, familia huzitunza kwa miaka.

Kwa Mwislamu anayetaka kuzika haraka, kinachochelewesha ni karatasi. Daktari hutoa cheti cha kifo, taarifa hufika kwa sýslumaður, mkuu wa wilaya, na bila uthibitisho wake hakuna kuzika. Ofisi hiyo haifanyi kazi wikendi, na Pasaka hufungwa kuanzia Alhamisi Kuu hadi Jumatatu. Pigia chama cha Waislamu siku hiyo hiyo. Kuna eneo la makaburi ya Waislamu Gufunes. Ukitaka kusafirisha mwili, uliza kwanza chama cha wafanyakazi cha marehemu, kwa kuwa mifuko yao ya ugonjwa hutoa fedha za msiba, na familia nyingi za wageni hupitisha mchango wa WhatsApp bila kujua fedha hiyo ipo.

Na kama umemzika mtu wako huko, kumbuka mwezi wa kumi na moja. Kuanzia Majilio hadi Þrettándinn makaburi ya Fossvogur huwashwa taa, misalaba midogo ya umeme mekundu, bluu na meupe kwenye theluji, na familia hutembea kati yake mkesha wa Noeli kabla ya saa kumi na mbili. Taa hukodishwa na umeme huunganishwa kaburi kwa kaburi. Agiza kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, wa kwako asibaki gizani.